Waraka wa Hewa Isiyotambulika

Wizara ya Hewa na Matarajio ya Tasmania ina furaha kutangaza kwamba hewa ya ukaa imeshuka chini ya sehemu mia nne katika kila milioni, kwa amri.

Aliyeishusha ni Naibu Katibu Neville Prowse, mtu aliyepanda vyeo vyote vya wizara bila kufungua dirisha hata moja. Alikwenda kukagua kituo cha upimaji kule rasini. Alimkuta fundi Kath Merrick akivuta hewa kwa mrija na kuipitisha kwenye mwanga wa leza. Hewa ya ukaa humeza sehemu ya mwanga huo. Mwanga ukipungua, ujue imezidi. Mtambo ulisoma mia nne thelathini katika kila milioni.

"Upepo wa baharini tunauandika," Kath alieleza. "Wa bara umeshapita kwa ng'ombe na magari, huo hatuuhesabu."

"Kumbe mnachagua!"

"Tunachagua upepo, Nev. Namba hatuchagui."

Prowse hakusikia sentensi ya pili. Afisa mzuri huridhika na ya kwanza. Akatoa waraka: hewa iliyozidi mia nne haitatambuliwa na serikali, wala jambo lolote lililofanyika au litakalofanyika ndani yake. Hicho kipande cha mwisho alikiongeza ili waraka uwe na uzito.

Kath akampigia simu. "Sasa sina cha kuandika. Kila upepo umezidi."

"Safi sana! Basi hakuna ongezeko."

Waziri Lorraine Duggan alifurahi mno, akaamua kumfanya Prowse Katibu Mkuu, cheo alichokililia tangu nywele zake zikiwa nyingi. Mkewe akaagiza kibao cha mlangoni. Sherehe ikafanyika ukumbini Hobart, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, pai za moto mezani, na mtambo wa leza umeletwa uwe pambo.

Waziri alihutubia, na kwa pumzi za watu mtambo ukasoma: mia tisa. Wageni wakashangilia: elfu moja na mia mbili. Akatia saini uteuzi: elfu moja na mia sita.

Mwanasheria wa wizara akakohoa. "Mheshimiwa, uteuzi huu hautambuliki. Waraka wa Bwana Prowse mwenyewe."

"Basi tutoke nje!" Prowse akaruka.

"Nje ni mia nne thelathini," Kath akasema.

"Twende mlimani! Kisiwani! Popote!"

"Popote imezidi, Nev. Si ndiyo tunayowaambia miaka yote hii?"

"Basi waraka ufutwe!"

"Ufutiwe katika hewa ipi?" mwanasheria akauliza, kalamu mkononi.

Kath akamwonea huruma. Kituoni kulikuwa na mitungi ya hewa iliyohifadhiwa tangu zamani, yenye kipimo cha mia tatu arobaini tu, ya kutosha kujaza kibanda kimoja. Wakakijaza. Prowse akaingia, akainua mkono, akafungua mdomo aape kiapo cha Katibu Mkuu. Pumzi yake ya kwanza ikafika kwenye mrija, na mtambo ukasoma elfu mbili.

Wizara inathibitisha kwamba Bwana Prowse anaendelea vizuri na mazoezi ya kuapa bila kupumua. Anaombwa afanye haraka. Kibanda ni kimoja, na Ijumaa Waziri anaapishwa upya, maana naye aliapa katika hewa iliyozidi.