Utambulisho Rasmi wa Ndovu kwa Familia ya Ndila

Jumatatu hiyo, saa tatu kamili asubuhi, Idara ya Utambuzi wa Wanyama iliutangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayeruhusiwa kumlalamikia ndovu ambaye hajatambulishwa kwake rasmi. Tangazo lilikuwa na kurasa kumi na saba, mihuri miwili, na picha ya ndovu iliyotolewa mtandaoni.

Aliyeliandika ni Bwana Nzomo, Kaimu Mkurugenzi. Hilo neno "kaimu" alikuwa ametembea nalo miaka sita kama kijiwe ndani ya kiatu. Wenzake wote walikuwa wamethibitishwa kazini zamani, wana zulia na chupa ya chai mezani. Yeye alikuwa bado anakaimu, na lilimuuma. Sasa barua yake ya kuthibitishwa ilikuwa tayari, imo ndani ya mkoba wa Mheshimiwa Waziri kule makao makuu. Lilibaki sharti moja tu: Mheshimiwa aone kwa macho yake programu moja ya idara ikifanya kazi. Hata moja.

Programu yenyewe ilitokana na mama mmoja msumbufu wa Kanyangi, jina lake Ndila. Alikuwa ameleta malalamiko mara kumi na nne, na hakuomba kingine ila askari wa wanyama awekwe kijijini kabla ndovu hawajamaliza ndengu zake. Nzomo, ambaye ni mtu wa sayansi, alimhoji kwa utaratibu.

"Mama, huyo ndovu umemwona wewe mwenyewe?"

"Inakuja asubuhi mapema, nikitoka imeenda. Lakini mavi nimeona. Karai imejaa."

"Mavi si ndovu, mama."

"Sasa ni mbuzi ya nani inakunya karai mzima?"

"Hilo litahitaji uchunguzi."

Uchunguzi ukafanywa, ofisini, siku mbili mfululizo. Ikabainika kwamba Kanyangi hakuna ndovu hata mmoja, na Nzomo akatia sahihi. Tatizo, idara iligundua, ni kwamba wakazi hawamjui ndovu. Mtu akikuta bomba lake la maji limeng'olewa anamsingizia mnyama ambaye hajawahi hata kusalimiana naye. Dawa ilikuwa kuwatambulisha. Ndipo ikaundwa Likizo ya Kifamilia ya Utambuzi: siku nne katika hifadhi ya kaskazini, ambako hata barabara hufika ikakata tamaa. Wangekwenda Ndila, mumewe Munyao, mama mkwe wake Kanyiva na watoto watatu, gari na chakula juu ya idara, Nzomo mwenyewe akiwaongoza. Siku ya tatu Mheshimiwa angefika kushuhudia utambulisho, mkoba wake ukiwa mkononi.

Shida ni kwamba familia ambayo haijawahi kwenda likizo haijui kuwa likizo ni kazi. Tangu langoni walikuwa wakicheka. Waliwacheka ngiri wakitoroka mikia juu, wakamcheka mbuni aliyeshindana na gari akashinda. Kanyiva, mama wa kanisa aliyejifunga kitambaa chake cha Jumapili, alitoa kichwa dirishani akamwamkia twiga kwa Kikamba.

"Wakya?"

Akangoja aitikiwe. Twiga akaendelea kutafuna.

"Haijibu 'aa'," Kanyiva akawaeleza wajukuu. "Shingo yote hiyo na haina adabu."

Gari zima likaangua kicheko, na dereva akalazimika kusimama ajipanguse machozi. Nzomo hakucheka.

"Twiga hayumo kwenye ratiba," alitangaza. "Tafadhali msimfurahie kupita kiasi. Nguvu zenu ziwekeni kwa ndovu."

"Na hii punda milia, mkubwa?" Munyao akauliza kwa unyenyekevu. "Tunaweza angalia kidogo?"

"Kidogo. Bila makofi."

Siku ya kwanza ikapita bila ndovu. Siku ya pili waliona viboko, nyati, na swala wa kila umbo, na kila mnyama alivyojitokeza ndivyo familia ilivyoshangilia na ndivyo Nzomo alivyozidi kunywea. Asubuhi ya tatu akamvuta kando Kiilu, askari wa hifadhi.

"Kiilu, ndovu wako wapi?"

"Mkubwa, ndovu walitoka huku mwezi wa tatu. Maji iliisha."

"Wakaenda wapi?"

Kiilu akakuna kisogo. "Kusini. Wanasema huko Kanyangi."

"Kanyangi hakuna ndovu. Nilitia sahihi."

"Sawa, mkubwa. Pengine hawajasoma."

Hapo hapo simu ya Ndila ikalia. Alikuwa jirani yake, Kasyoki, amewasha kamera, na nyuma yake watu walikuwa wakigonga mabati.

"Ndila! Wako kwa shamba yako! Kumi na moja! Leo hawaogopi hata jua, wanakula tu kama wamealikwa!"

Watoto wakairukia simu. "Aiya! Ona ile ndogo! Inavaa karai yetu kwa kichwa!"

Ndila alizitazama ndengu zake zikiisha kwenye kioo cha simu, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze hakucheka. Roho ilimuuma. Akamnyooshea Nzomo simu.

"Ona basi, mkubwa. Hawa ni nani?"

Nzomo akafumba macho. Kwa mujibu wa ukurasa wa tisa wa tangazo, afisa akiona ametambua.

Alikuwa bado ameyafumba msafara wa Mheshimiwa ulipoingia kwa ving'ora, ukiwatimua swala wote waliobaki. Mheshimiwa akashuka, mkoba kwapani, mpiga picha nyuma yake.

"Nzomo! Ndovu yuko wapi?"

Ndani ya Nzomo, sahihi yake na kile kijiwe cha miaka sita vilishikana mieleka. Kijiwe kikashinda. Akafungua jicho moja, akaitazama simu.

"Mheshimiwa, programu imefaulu kupita matarajio. Ndovu wameomba watambulishwe nyumbani kwa familia."

Walifika Kanyangi alasiri. Ndovu wote kumi na mmoja walikuwepo, wameshiba, wamesimama karibu na tangi la maji. Mheshimiwa akajipanga mbele yao, akafungua hotuba. Alifika kwenye "itifaki izingatiwe" tu, jike kubwa likaanza kuja. Lilimpita bila hata kumtupia jicho, maana lilikuwa limenusa maembe aliyonunua Mheshimiwa njiani, kreti mbili, ndani ya gari lake la serikali. Likagonga mlango kwa kichwa, kistaarabu. Mlango haukufunguliwa. Likaliegemea gari, na gari likalala chini kwa ubavu.

Watu wazima wawili, Mheshimiwa na Nzomo, hawajawahi kupanda ngazi ya ghala la Ndila kwa kasi ile. Kijiji kizima kilikuja na madebe na filimbi, Kanyiva mbele akipiga sufuria, na ndovu wakaondoka polepole, kila mmoja akichukua embe la njiani. Ndipo Mheshimiwa akachomoza kichwa ghalani, ndengu zimejaa kwenye nywele.

"Nzomo. Andika ripoti sasa hivi. Gari la serikali limeangushwa na nini?"

Kalamu ya Nzomo ikaganda. Akiandika ndovu, basi ule uchunguzi wenye sahihi yake ni uongo.

"Tunaweza kusema upepo, Mheshimiwa."

"Upepo umekula maembe yangu?"

"Ama ni mbuzi," Ndila akasema kutoka chini.

Kijiji kikacheka hadi wengine wakaketi. Nzomo akaandika: ndovu. Akatia sahihi. Mheshimiwa alisoma, akamtazama Ndila.

"Mama, umekuwa ukiomba nini kwa huyu?"

"Askari tu. Wa kukaa hapa. Mara kumi na nne."

Mheshimiwa akafungua mkoba, akatoa barua, akaongeza mstari mmoja kwa kalamu na kumkabidhi Nzomo pale pale ghalani. Nzomo aliisoma kwa furaha. Neno "kaimu" halikuwemo. Amethibitishwa, kazi ya kudumu, na pensheni. Halafu akafika kwenye ule mstari. Kituo: Kanyangi. Kazi: kulinda. Makazi: hema.

Kesho yake asubuhi hema lilikuwa limesimama katikati ya ndengu zilizosalia. Ndila alimzungusha shambani, akamwonyesha wanapopitia, akampa debe na rungu la kuligongea. Nyuma yao familia ilikuwa inapakia mizigo kwenye gari la idara, na Kanyiva amekwisha kukamata kiti cha dirishani.

"Mnakwenda wapi?" Nzomo akauliza.

"Likizo ilikuwa siku nne, mkubwa, na sisi tumekula tatu," Ndila akasema, akipanda gari. "Ng'ombe yetu inakunywa maji saa sita. Na usiisukume, inapiga teke."