Ombi la Kurudishiwa Gari Bovu

Mchikichini, Ilala,
Dar es Salaam.

Kwa binti yangu mpendwa Winifrida,

YAH: GARI NAMBA E KUNIHARIBIA MAISHA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na moyo wangu pia.

Awali ya yote nakushukuru kwa gari jipya ulilonipa Pasaka. Ni zuri, halili mafuta, na padri amelibariki. Hata hivyo, nimelilinganisha kwa haki na lile langu la zamani, namba A, ulilomuuzia fundi Severine wa Buguruni, nami naleta malalamiko yafuatayo:

1. Linawaka. Nabonyeza kitufe, nimeshaondoka. Namba A lilisukumwa kila asubuhi na nusu ya mtaa, na katika kusukumwa huko nilipata habari zote: nani kalazwa, nani kaposwa, nani kagombana na mwenye nyumba. Sasa nafika dukani Kariakoo mapema, sijui lolote.

2. Lina kamera ya nyuma. Zamani kamera yangu ilikuwa Mama Anifa, aliyeacha chapati zake jikoni kuja kunipigia kelele, "Rudi, rudi, kata kulia, we mzee!" Hii ya sasa inalia pii-pii tu. Haijawahi kuniuliza kama nimekunywa chai.

3. Vioo vinafunga. Vya namba A vilikwama chini tangu uko darasa la tano, kwa hiyo salamu ziliingia nitake nisitake. Mwezi uliopita nimekuta turubai njiani, nikadhani harusi. Nikapiga honi wanipishe, nao wakanipisha. Jioni ndipo naambiwa ni msiba wa mama yake Bakili, yule muuza viatu vya mitumba, msukumaji wangu mkuu. Mama, nimempigia honi mfiwa! Hata makaburini sikwenda. Tangu siku hiyo Bakili akiniona anainamia viatu vyake, na mimi naona aibu hata kushusha kioo.

Kwa hiyo naomba namba E ulichukue, na namba A likombolewe kabla Severine hajalikata vipuri. Ikishindikana, naomba uwaandikie waliolitengeneza hili, kwa lugha yao, waniletee lingine namba E lakini bovu. Wakidai hawatengenezi mabovu, waambie wajitahidi. Sisi huku tumeweza bila kiwanda.

Wasalimie mumeo, wajukuu wangu, na wakwe zetu wote wa Rombo.

Wako katika ujenzi wa taifa, japo kwa sasa nikiwa ndani ya kiyoyozi,

Baba yako,
Ansbert.

Nyongeza: Namba A lisirudi. Leo nimekwenda Buguruni kuliaga. Severine kakaza nati moja ya betri, basi, likawaka lenyewe kama la waziri. Nimerudi na hasira zangu kwa Mama Anifa, kumweleza jinsi tulivyohangaika miaka yote kwa ajili ya nati. Akacheka mpaka akaketi. Kumbe mtaa mzima ulijua. Bakili ndiye aliyekuwa akiilegeza kwa mkono kila jioni. "Alisema likipona utatupita kama wengine," kaniambia Mama Anifa.

Nimeacha barua hapa, naenda kwa Bakili kumpa pole. Naenda kwa miguu.