Vikongwe Saba na Beseni Moja

Jumatano, tarehe 6

Mjukuu wangu karudi na uso wa limao. Miezi mitatu yuko kwenye majaribio studio ya picha, na leo mwenye studio kamwambia: Jumatatu alete picha moja ya maana, la sivyo akatafute kazi kwingine.

Picha yenyewe ya ajabu. Mtu anaruka, anapigwa picha saba, halafu kompyuta inazipanga zote ndani ya picha moja, aonekane anapaa na kutua hatua kwa hatua. Nikauliza nani ataruka. Eti Mwalimu wa Viungo, jirani yetu aliyekuwa akifundisha mazoezi shuleni.

Yule mama mstaafu anayetembea kama kameza fimbo! Na mimi niliyemfuta huyu mtoto kamasi, nikae dirishani nipige makofi? Thubutu!

Alhamisi, tarehe 7

Nimeweka beseni la kufulia chini ya ngazi za uani, nikaruka. Mara ya kwanza nikatua ndani. Mara ya pili nikavuka! Goti la kushoto linalalamika. Nimeliambia linyamaze.

Jioni nikapita kwa Mwalimu, nikamweleza kwa upole kwamba picha imesogezwa, si Jumamosi tena, ni Jumapili. Akanishukuru sana, akanipa na parachichi. Nimelila kwa aibu. Tamu.

Jumamosi, tarehe 9

Mwalimu hakutokea. Maskini! Nikajitolea. Mjukuu akanitazama, akatazama saa, akasema haya Bibi, ila taratibu.

Kamera kaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akanionya hata kuipumulia nisiipumulie, maana ukuta na ngazi lazima vibaki palepale. Kamera kuukuu hiyo, kila mruko inanasa picha moja tu. Kwa hiyo niruke mara saba: mara aninase nikianza, mara nikiwa juu, mara nikitua.

Nikaruka na gauni la bluu. Nikaingia ndani, nikatoka na la manjano. Mtoto akashika kichwa. Akasema Bibi, ni mtu mmoja, mruko mmoja, nguo moja! Nikamwuliza, mimi nionekane mara saba na gauni lilelile, watu watasemaje? Mjukuu ana kamera, bibi hana nguo? Akanibembeleza. Akasema kivuli kinahama. Nikamwambia basi apige upesi. Ubishi wangu anaujua. Yeye ndiye aliyeurithi.

Gauni la saba lilikuwa la harusi yangu. Limechanika kwapani. Lakini nilivuka!

Jumapili, tarehe 10

Asubuhi yote alikuwa kwenye kompyuta, ananikata kutoka kila picha na kunibandika kwenye ukuta mmoja. Nikachungulia. Hakuna bibi anayepaa. Kuna vikongwe saba wanagombania beseni.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alilaza kichwa mezani, mabega yakatikisika. Mtoto huyu ndiye aliyenifundisha herufi hizi ninazoandika, kwenye meza hiihii, bila kunicheka hata siku moja.

Hodi! Mwalimu wa Viungo, suti ya mazoezi kaipiga pasi. Akaambiwa picha ilikuwa jana. Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Hakunisema. Alikwenda uani akaruka mara saba, suti ileile, kama kanyanyuliwa na upepo. Lazima niseme kweli: anaruka vizuri, mwanamke yule. Mimi nilipewa kazi ya kutogusa kitu.

Jumatatu, tarehe 11

Nimemsindikiza mjukuu studio, eti kumbebea mfuko. Mwenye studio akaitazama picha ya Mwalimu kwenye kompyuta, akaitikia kwa kichwa, akasema safi. Mara akabonyeza kitufe, wakatokea vikongwe wangu saba.

Nyuma yangu mtu akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Fundi cherehani, alikuja kupigwa picha za kitambulisho. Akasema picha ya hivyo ndiyo aitakayo dukani kwake: mtu mmoja, magauni yote, kwa mpigo! Akauliza kaitengeneza nani. Mwenye studio akasema huyu hapa, mfanyakazi wetu.

Mfanyakazi wetu! Nililia mbele za watu. Nikapenga kwa kona ya pazia la studio.

Jumatano, tarehe 13

Mkataba umetiwa saini. Mjukuu akanikumbatia, akaniapisha nisiingilie tena kazi yake. Nikaapa, mkono juu.

Picha ya fundi ni Jumamosi. Magauni saba mapya. Wa kuyavaa wamemchagua Mwalimu wa Viungo, ati kanyooka. Sina kinyongo. Nimempelekea hata parachichi, kubwa kuliko lake. Nikamweleza kwa upole kwamba picha imesogezwa, ni Jumapili.

Akalipima parachichi mkononi. Akasema asante, dada, tutaonana Jumamosi.

Maskini, uzee huo, hashiki tena siku. Kesho nitarudi nikamweleze vizuri. Beseni nimeshaliweka tena chini ya ngazi.