Nilivyochunga Kundi la Jenifa Mjini Roma

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimefika Roma jana. Miguu imevimba kwa sababu ya ndege, akili salama. Shemeji yangu Bartolomayo aliwatangazia watu wa kwetu Mkonze kwamba nitapotea siku ya kwanza. Sijapotea! Asubuhi nimetoka peke yangu, nikaizunguka nyumba ya Jenifa mara tatu, nikarudi.

Mji huu una maji. Bomba limesimama njiani, halina koki, linamwaga tu mchana kutwa, na hakuna ndoo hata moja kwenye foleni. Nikasimama pale nikiwaonea aibu wenyeji. Kisha nikanywa. Matamu.

Jenifa, binti yangu, yuko hapa mwaka wa tisa, anaosha vyombo hotelini. Alhamisi ana mtihani. Atawatembeza wageni kumi na watano kwa miguu katika mji wa kale, awaeleze mawe yote, na mtu wa mtihani atakuwa kati yao akimpima. Akifaulu atapewa kitambulisho cha kuongoza watalii, masufuria kwaheri. Akianguka, angoje mwaka mzima. Ameniomba Alhamisi nibaki nyumbani. Nikasema sawa. Sawa yangu anaijua tangu utoto, sijui kwa nini ameiamini.

Jumanne, 13 Mei

Leo amefanya mazoezi, mgeni ni mimi mmoja. Kanitembeza tangu asubuhi. Kuna nyumba ya duara, paa lake zito kama mlima, na katikati wameacha tundu, mvua inaingia. Nikataka kucheka. Mimi nimejenga nyumba nne za tembe na hakuna iliyovuja! Jenifa akasema paa hilo limekaa karibu miaka elfu mbili. Tembe langu kongwe lina thelathini, na nimelikandika tena mara sita. Nikavua kofia.

Anaeleza vizuri mtoto huyu. Mawe yanageuka watu akisema. Kosa lake ni moja: anatembea mbele, kainua mwavuli wa buluu. Wapi umeona mchungaji katangulia? Mchungaji hukaa nyuma, aone mikia. Nikamweleza. Akasema hawa si ng'ombe, Baba. Nikamjibu sijataja ng'ombe, nimetaja mikia.

Jumatano, 14 Mei

Nimechomoa mpini wa fagio. Si fimbo ya mkolongo ya kuchungia, lakini ugenini hakuna kuchagua. Jenifa kaniuliza fagio limepatwa na nini. Nikasema la kizungu, halina nguvu.

Alhamisi, 15 Mei

Ameniwekea kifungua kinywa kwenye sahani, akaondoka. Nikaacha sahani, nikamfuata, kofia usoni.

Alama ya kundi lake nimeikariri: kamba ya buluu shingoni, inayoshika kile kidude cha sikioni wanachomsikilizia. Nikakaa nyuma. Wazee wawili walikuwa wanazubaa kwenye duka la kofia. Nikapiga mluzi wa Kigogo. Walitembea! Mluzi hauhitaji mkalimani.

Mambo yakaharibika kwenye chemchemi ya Trevi. Pale ukuta mzima unabubujika maji, farasi wa mawe wanaruka kutoka ndani yake, sijawahi kuona uzuri kama ule. Lakini maji ni maji. Makundi matatu yalikutana na kuchanganyika, kama mifugo kisimani wakati wa kiangazi. Nikaanza kutenga. Buluu huku, nyekundu kule.

Akabaki mama mmoja mwenye nywele fupi. Hana kamba. Ana daftari, anaandika kila neno la binti yangu. Tena kaniona, mzee mzima, hakuniamkia. Nikajua ni mwizi wa maneno. Mtu wa mtihani lazima awe mwanamume mwenye tai! Nikamswaga taratibu mpaka kundi la mwavuli mwekundu, nikaziba njia kwa mpini hadi walipokata kona. Alisema mengi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Mbele kidogo Jenifa akahesabu watu. Akahesabu tena. Ndipo akaniona, na mpini wangu.

"Baba, yule mama mwenye daftari yuko wapi?"

Nikamweleza kwa fahari nilivyomfukuza. Akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Afadhali angelia.

Ijumaa, 16 Mei

Hajasema nami tangu jana, ila shikamoo. Nimemwambia twende kwa huyo mama, kosa ni langu, mdomo ni wangu. Tumeenda, mpini nimeuacha.

Nikamwambia Jenifa atafsiri bila kupunguza. Kwetu, mifugo ikichanganyika kisimani, asiye na alama yako haondoki na kundi lako. Ukimkuta, unamrudisha. Mimi sikumdharau, nilimrudisha, ila kwa wasio wake.

Mama yule akanitazama sana. Akasema alitembea na mwavuli mwekundu saa nzima, na kiongozi wao hakugundua kwamba ameongezeka mtu. Akauliza Jenifa alichukua muda gani kugundua amepungua. Jenifa akasema dakika mbili. Mama akaandika. Mtihani utarudiwa Jumatatu, kwa sharti moja. Sharti hilo ni mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefungiwa kwa ufunguo. Mimi Kefa, niliyewahi kufukuza fisi kwa kiatu!

Saa tisa mlango umefunguka. Jenifa ana kitambulisho kifuani, picha yake inacheka. Amefaulu! Nikakishika kwa mikono miwili, nikashindwa kusoma, si kwa sababu ya herufi.

Akasema mgeni wake wa kwanza wa halali ni mimi. Tukarudi mjini na kupita njia ile yote, nyumba ya duara, maji, farasi wa mawe, na safari hii akaniomba nitembee mbele, ubavuni pake. Nimetembea mbele. Hatua kama kumi hivi. Kisha nikaona bibi wanne wa mwavuli wa kijani wamebaki nyuma kabisa wakila aiskrimu, kiongozi wao anakata kona, hata hageuki.

Nikamwambia Jenifa atangulie, nakuja.