Sikio la Kushoto la Dalali Bwanausi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Sikio la kushoto limeziba! Jana nilipiga mbizi na wanangu, maji yakaingia. Tangu hapo ni kama nimeshindiliwa pamba. Haliumi, linavuma tu. Sijamwambia mtu. Mimi ndiye ninayenadi samaki hapa Bagamoyo, na Jumapili kamati ya soko inachagua dalali wa kudumu: mimi au Bilali. Dalali asiyesikia bei atanadi nini? Bilali akijua, nimekwisha. Leo nimenadi samaki, changu na tasi, huku nimewageuzia watu sikio la kulia. Hakuna aliyegundua. Akili ninayo!

Jumanne, 9 Septemba
Nimepasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, nikayatia sikioni. Nanukia mchuzi. Halafu njiti ya kiberiti, taratibu, kitaalamu kabisa. Lo! Limeziba zaidi. Mnadani nikashikwa na kizunguzungu, nikaegemea meza, nikajifanya namkagua pweza. Bilali akauliza pweza ana nini. Nikamjibu ana sura nzuri.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa! Wanaosimama kushoto wamenishtaki kwa mwenyekiti, Mzee Majaliwa, kwamba bei zao sizitaji. Eti kila fungu zuri linakwenda kwa Mina, mkaanga samaki, ambaye siku hizi habanduki kuliani kwangu. Bilali anawatangazia watu kwamba nimependa. Nikawaza: bora niitwe mpenzi kuliko kiziwi. Nikatabasamu, nikanyamaza. Kosa kubwa! Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu, Mwanamkasi, kanipakulia ugali mkavu, akaniambia kitoweo nikamwombe Mina.

Alhamisi, 11 Septemba
Mina kaja nyumbani mwenyewe. Nilitaka kutokea mlango wa uani, nikachelewa. Akamwamkia mke wangu kwa adabu zote, akamwambia mumeo hanitaki wala mimi simtaki, ana sikio bovu. Kila akinisalimu kutoka kushoto siitikii, basi akahamia kulia, akawa anapata samaki wazuri. Mwanamkasi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanikamata sikio lile zima, tukaenda hivyo mpaka zahanati, watu wanaangalia.

Tabibu Adila, binti mdogo lakini mkali, akachungulia na kitochi chake. Nta imejaa, kasema, na njiti yangu imeishindilia ndani. Alhamdulillahi, ngoma ya sikio haijatoboka. Ingetoboka, asingethubutu kulipiga maji. Kanipa dawa ya matone ya kulainisha, Jumapili nirudi asafishe kwa maji ya uvuguvugu. Nikiona usaha, homa au maumivu makali, nije mbio, nisisubiri siku hiyo. Na nisitie kitu chochote sikioni. Nikauliza, hata kijiti cha pamba? Akarudia "chochote" kwa sauti ambayo hata mimi sijawahi kunadia papa.

Jumapili, 14 Septemba
Limezibuka! Limetoka bonge la nta, nikaona aibu kulitazama. Jamani, dunia ina kelele! Nasikia mpaka kandambili zangu. Kikaoni nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana kuhusu upepo, lakini Mwanamkasi akanikanyaga mguu, nikasema ukweli. Ukumbi mzima ukacheka. Wale wa kushoto wakanisamehe. Mzee Majaliwa akasema kazi ni yangu, ila nikiumwa tena niseme mapema, hakuna atakayeninyang'anya. Nikaapa nitasema. Bilali akanipa mkono wa pongezi, baridi kama barafu ya samaki.

Alhamisi, 18 Septemba
Niliona si haki sikio la kushoto lisafishwe, la kulia liachwe hivihivi. Juzi nikalisafisha mwenyewe. Siyo kwa njiti, sirudii makosa mimi! Kwa pini ya ushungi wa Mwanamkasi. Leo limevimba, limekuwa jekundu, linawasha, linatoa majimaji. Likiguswa naruka. Kutafuna siwezi kabisa. Zahanati? Thubutu! Adila atanila nyama. Na kamati isisikie kitu. Asubuhi Mwanamkasi kaniuliza mbona sigusi muhogo. Nikamwambia nimefunga sunna. Akabaki anakitazama tu kikombe cha uji nilichokuwa nakinywa.