Pindo la Shati la Mama

Alhamisi, 16 Novemba
Msimu wa kulungu unafunguliwa keshokutwa. Wisconsin nzima imevaa rangi ya chungwa ya wawindaji, wasije wakapigwa risasi kimakosa, hata kasisi. Tumefika kambini, nyumba yetu ya kuwindia: mimi, Mama, dada yangu Marlys na mumewe Delmar. Huyu Delmar! Amejenga kibanda cha kuvizia chenye dirisha la kioo, hita ya gesi na kiti cha kuzunguka. Kisha, kwa sauti ya asali, akamwambia Mama kuwa mtu wa miaka sabini na tisa hastahili kuganda juu ya ulingo wa mbao; aje akae kwake.

Mama amekaa na mimi ulingoni kila siku ya ufunguzi tangu nina miaka kumi na miwili. Sasa nina hamsini na moja. Simwachii shemeji. Nina mpango.

Ijumaa, 17 Novemba
Mpango: kuupamba ulingo. Nimeng'oa kiti cha mbele cha pikapu yangu na kukipandisha kwa kamba. Kamba ikakatika. Kiti kikatua kijitoni. Nikakiopoa, nikakipandisha tena, kimelowa chapachapa. Delmar akauliza kwa upole kama nilikuwa nakifua.

Mama akakikagua, akatandika gunia juu yake, akasema atakaa na mimi kama kawaida. Nilikaribia kulia. Nikasingizia baridi.

Jumamosi, 18 Novemba
Siku ya ufunguzi! Siku mbaya kuliko zote.

Hapa kambini anayekosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati. Pindo hupigiliwa misumari ukutani, juu ya sinki, pamoja na jina na mwaka. Marehemu baba ana mapindo kumi na manne. Mimi ninayo tisa. Mama hana hata moja. Miaka sitini ya kuwinda, hajawahi kukosa.

Saa mbili asubuhi akatokea dume, pembe zina matawi manane, karibu kabisa. Mama akanyanyua bunduki taratibu. Akafyatua. Dume akaruka, akasimama, akatutazama, akaondoka bila haraka. Tukatafuta damu saa nzima. Hakuna hata tone.

Nikamwangalia zile glavu zake kubwa, moyo ukaniuma. Watamkata shati, Mama yangu! Delmar akaja mbio kuuliza nani kafyatua. Nikasema mimi. Nikasema kwa haraka mno, mara tatu.

Chakula cha jioni: supu ya njegere, na mkasi. Delmar alikata kwa raha zake zote, karibu afike mabegani. Pindo langu la kumi. Nilijiona shujaa. Ajabu ni kwamba Mama hakunishukuru. Alilisukuma bakuli, akaenda kulala na viatu.

Jumapili, 19 Novemba
Mama kaenda kwenye kibanda cha Delmar! Kapita mbele yangu na chupa yake ya kahawa, hakunitupia hata jicho. Miaka thelathini na tisa, halafu hivi.

Nikajua ni ile hita. Mpango: walipokuja kula mchana, nikanyatia kibandani nikauchomoa mtungi wa gesi. Mzito balaa. Nilikuwa nauburuta kwenye theluji, mgongo nje kwa sababu ya shati, nilipomwona Mama amesimama njiani.

"Verlyn," akasema, "weka chini mtungi wa watu."

Nikaweka.

"Risasi ya jana ilikuwa ya nani?"

"Yako, Mama."

"Na pindo langu liko wapi?"

Nikamwambia sikutaka aaibike. Akakaa juu ya mtungi, akapumua.

"Mwanangu, miaka kumi na miwili naosha vyombo nikimtazama baba yako pale ukutani. Yuko na wewe tu, maskini. Na siwezi kukosa makusudi, huo ni utapeli, baba yako angenicheka. Jana nimekosa kweli. Nikasema moyoni, haya Alvin mume wangu, nakuja. Wewe ukanidaka njiani."

Niliona aibu, kisha nikaona upendo, kisha baridi mgongoni.

Jioni nikaungama mezani. Delmar akasema hajapata kuona mtu wa kudanganya hata kukosa. Marlys alilia kwenye leso. Mama akavua shati lake zuri la mirabaraba myekundu, akabaki na sweta, akalikata pindo mwenyewe. Akalipigilia kando ya la mwisho la Baba, akalinyoosha kwa kidole gumba. Akaosha vyombo akiimba. Sijamsikia akiimba tangu mazishi.

Alhamisi, 23 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, pai ya maboga, na amani. Mama katangaza kwamba mwakani anarudi ulingoni kwangu, kwa sharti moja: nisimfanyie ujanja wowote tena, mdogo wala mkubwa, hata kwa nia njema. Nikaapa mbele ya wote. Delmar akataka niape mara ya pili. Nikaapa.

Kusema kweli nimebadilika. Ukweli ni kitu kizuri sana.

Baada ya chakula nilijitolea kuzisafisha bunduki zote. Nilipokuwa na ya Mama mapajani nikafikiri: Baba ana kumi na manne, yeye ana moja tu. Kukosa makusudi hawezi, amesema mwenyewe. Lakini darubini ya kulengea ya bunduki hii inashikwa na skrubu nne ndogo, na ikilegea hata moja risasi hupita kando. Nimelegeza moja. Kidogo tu. Atafurahi sana.