Kuhusu Nzi Wako Wanaoposana Jikoni Kwangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maabara ya Wadudu,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ina uzito.

Mimi ni fundi saa. Nakaa ghorofa ya pili, na chumba cha mbele ndicho duka langu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mfanyakazi wako. Tangu paa la maabara lianze kuvuja amehamishia chupa zako za nzi wa matunda jikoni kwangu, pamoja na kinasa sauti kidogo kama punje ya mchele na kipaza sauti kikubwa kama sufuria ya wageni. Nimevumilia. Lakini uvumilivu nao una springi yake, na yangu imekatika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kelele. Nzi dume akimwona jike humfuata, akanyoosha bawa moja, moja tu, akalitetemesha. Huo ndio wimbo wake. Kwa sikio la kawaida husikii kitu, ila mpwa wangu ameunganisha kile kinasa na kipaza sauti, na sasa nyumba nzima inasikia posa. Jike, naambiwa, anasikia kwa vipapasio vya kichwani. Mimi nasikia kwa meno.

2. Adabu. Dume humgusa jike kwa mguu wa mbele. Nikauliza, hiyo ni salamu? Mpwa wangu akasema la, anamwonja. Nzi huonja kwa miguu. Mheshimiwa, haya yanatendeka katika nyumba ambayo mimi mwenyewe hupiga hodi kabla ya kuingia bafuni kwangu! Hakuna mshenga, hakuna kujuliana hali. Wananusa ndizi iliyoiva, wanakutana papo hapo, na maneno yanaanza.

3. Kukosa haya. Jike asipopendezwa humpiga teke akaenda zake. Mwenye heshima zake angehama mji. Huyu wako anajipangusa uso, anarudi, ananyoosha bawa lile lile. Na jike akipunguza mwendo, ujue ameanza kulainika. Nimeyaona haya kwa lenzi yangu ya kazi, huku saa za wateja zimelala mezani.

4. Hili ndilo zito. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mshonaji, mjane, mtu wa kicheko cha taratibu. Nampenda. Nakwambia bila kuzunguka kwa sababu hatujuani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimposa kistaarabu: akileta saa yake ya ukutani naitengeneza vizuri, kisha nalegeza skrubu moja ili irudi. Haijapata kukosa kurudi. Lakini tangu nzi wako waanze kuimba, saa haiji tena. Mwenyewe husimama koridoni akiusikiliza mlango wangu, na juzi akaniuliza, "Fundi, mdudu asiyefika punje ya mtama anasema la moyoni, binadamu je?" Nikamjibu kwamba saa ikichelewa ailete.

5. Jana mchana uzalendo ukanishinda. Niliinama kwenye chupa nikawasuta wale madume: "Hamna aibu nyinyi! Mimi nampenda yule mama, nahangaika na skrubu mwaka mzima, sijathubutu kunyanyua hata kidole. Nyinyi mmezaliwa juzi, leo mnaimba?" Nilisahau kinasa sauti. Kipaza sauti hakikusahau. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza, na hadi sasa imenyamaza. Duka nimelifunga. Nikikohoa, nakohoa ndani ya mto.

Kwa hiyo naomba nzi waondolewe leo hii. Ikishindikana, watafutiwe mshenga. Na kwa vyovyote vile, maabara imwandikie jirani yangu barua yenye muhuri, kumthibitishia kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa ya nzi mkubwa ambaye bado mnamfanyia utafiti.

Nisalimie watafiti wote, mlinzi wa geti, na hasa fundi wa paa. Mwambie aharakishe.

Wako mwenye kuutamani ukimya,
Fundi Saa

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, hodi ikapigwa. Ni yeye, saa kwapani, bisibisi mkononi. Kasema, "Skrubu hii naikaza mwenyewe siku ile ile ninayoichukua, Fundi. Nikitaka kuja ndipo nailegeza. Nimechoka kulegeza. Haya, imba." Bawa sina, nikainua mkono mmoja. Sauti yangu ni mbaya kuliko ya nzi wako yeyote, lakini sikupigwa teke. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu, tuma ndizi mbivu, na mwambie fundi wa paa asiharakishe.